Gego limetibiwa nusu, kadi ya bima imegoma

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Tabata, na ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar es Salaam. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka saba na wa kike mitatu. Nakuandikia saa nane ya usiku kwa sababu saa hizi ndipo jino linapoamka.

Mwezi wa saba gego langu kubwa la chini kushoto lilianza kuuma kila nikinywa chai ya moto. Nikaenda kliniki binafsi ya meno na kadi ya bima ya kazini. Daktari akapiga eksirei, akasema kuoza kumeshafika kwenye mshipa, haitoshi kuziba, linatakiwa litibiwe mzizi halafu livalishwe kofia ya kulifunika lote. Nikakubali. Nikachomwa ganzi, wakatoboa, wakasafisha, wakaweka dawa ndani na kulifunika kwa muda. Nikasaini fomu ya bima, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili.

Niliporudi, dada wa mapokezi aliangalia kadi yangu kwenye kompyuta akasema, "Salio lako la meno limebaki laki moja na ishirini. Kumalizia mzizi ni laki moja na tisini. Kofia ni laki nne na nusu, na hiyo bima yako hailipi kabisa, wameandika ni urembo." Nilidhani amefungua jina la mtu mwingine. Kazini tulitangaziwa kwamba bima yetu ni ya mamilioni. Kumbe meno yana fungu lake dogo, 600,000 kwa mwaka, na ni la familia nzima. Mwezi wa pili mume wangu aling'olewa gego la mwisho lililolala, 180,000. Mwezi wa tano mtoto wetu wa kiume alizibwa meno mawili, 90,000. Siku yangu ile ya kwanza walikata 210,000. Nilipojumlisha 640,000 ninazodaiwa kumaliza kila kitu, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Leo ni wiki ya kumi na moja. Kile kifuniko kimemeguka pembeni, na nikinyonya shavu nasikia ladha chungu. Wiki mbili zilizopita shavu lilivimba, nikaenda duka la dawa nikapewa amoxicillin na Flagyl, uvimbe ukashuka. Juzi maumivu yamerudi. Namalizia usiku kwa diklofenaki.

Kila mtu ana lake. Mama mkwe, ambaye ananipenda na ninamheshimu, anasema ni mdudu, nifukizwe mbegu za ndulele atoke. Mwenzangu kazini anasema ling'olewe, elfu thelathini tu, nipumzike. Mwingine amenipa namba ya watu wa mikopo ya mtaani. Dada yangu ana kadi ya bima nyingine, na kwa kuwa tunafanana sana anasema niende nayo. Mume wangu anasema tusubiri Januari bima ianze upya. Kadi zetu za NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kupitia ajira yake zipo kabatini. Mimi nilipigwa picha mwaka tuliooana, watoto sikumbuki kama waliandikishwa. Tulipopata hii ya kazini kwangu tuliacha kuzitumia kwa sababu ya foleni.

Shangazi, ning'oe, nikope au nisubiri Januari? Na hawa wa bima wana haki ya kunifanyia hivi?

Mwenye Gego, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Kabla ya habari ya bima, amka uende mbele ya kioo. Pitisha mkono chini ya taya la kushoto mpaka shingoni. Kuna ugumu au uvimbe kule chini? Fungua mdomo uone kama vidole vyako vitatu vinaingia vikiwa vimesimama. Meza mate. Inua ulimi. Je, una homa? Ukikuta uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, au mdomo haufunguki, au kumeza mate kunauma, au ulimi unahisi umesukumwa juu, usimalizie barua hii. Nenda dharura usiku huu huu, na kwa Tabata hospitali ya Amana ndiyo karibu. Sababu ni kwamba usaha wa gego la chini una njia ya kuteremka kwenye nyama za chini ya ulimi na kubana koo.

Nilifanya kazi ya utabibu wa meno miaka mingi, na kuna kijana mmoja fundi pikipiki sijamsahau. Alikuja amefunga shingo kwa taulo. Alikuwa amemaliza dozi tatu za amoxicillin za kununua dukani, na kila dozi uvimbe ulikuwa unashuka kama wako. Safari ya nne haukushuka. Alipotoa taulo, kidevu na shingo vilikuwa vimeungana, na mate yalikuwa yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Ilibidi apasuliwe chini ya taya usaha utoke, na alilala wodini siku tisa. Jino lenyewe lilikuwa na tundu la kuingia punje ya mchele.

Kama dalili hizo huna, basi kaa, tuzungumze taratibu.

Ndani ya gego lako daktari alikuta kiini kilichooza. Kiini ni ule mfuko mdogo wa damu na neva ambao watu tunauita mshipa wa jino, na unateremka ndani ya mizizi kwa vijinjia vyembamba. Gego kubwa la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na vijinjia vitatu, wakati mwingine vinne. Kutibu mzizi ni kuviosha vyote kwa visindano vyembamba sana, kila kimoja kikiwa na kiraba kidogo cha kupimia urefu ili kisipitilize ncha ya mzizi, kisha kuvijaza kabisa pasibaki nafasi ya bakteria kuishi. Wewe umefanyiwa nusu ya kwanza. Dawa uliyowekewa ilikusudiwa kukaa wiki mbili au tatu, na kile kifuniko cha muda ni laini makusudi, ili daktari akitoe kwa urahisi. Kikimeguka mate yanaingia, na yakiingia ile kazi yote ya mwezi wa saba inaanza kuharibika. Ladha chungu unayoisikia ndiyo habari yenyewe.

Hapo utaona pia kwa nini dawa za dukani zinakupa nafuu halafu zinakuacha. Antibaiotiki husafiri kwa damu. Ndani ya jino lako hamna damu tena, kiini kimekufa. Dawa inapunguza vurugu iliyotoka nje ya mzizi, lakini chanzo kimejifungia ndani na hakiguswi. Ukimaliza vidonge kinatoka tena. Usinunue dozi ya pili bila daktari kukuangalia.

Na mama mkwe usimjibu vibaya. Mimi mwenyewe nimevuta kile kiini kwenye meno ya watu mara nyingi, na kikitoka kizima kinakuwa kama uzi mfupi mwekundu. Mtu akikiona kwenye pamba haraka haraka, ataapa kwamba ni mdudu. Mwambie tu kwamba daktari ameshamtoa. Moshi wa ndulele hauingii mwisho wa mzizi, na nimeona midomo iliyoungua kwa kufukizwa.

Sasa hesabu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wewe ni mhasibu, lakini siku ile pale mapokezi ulikuwa na maumivu na aibu, ukajumlisha vitu viwili visivyo na haraka sawa. Kumalizia mzizi ni 190,000. Kwenye kadi ulikuwa na 120,000. Kilichokosekana ni 70,000. Elfu sabini, mwanangu. Hizo 450,000 za kofia zilikutisha ukaziacha na zile sabini, na jino likabaki wazi wiki tisa.

Kwa hiyo sikushauri kung'oa, wala kukopa, wala kungoja Januari. Malizia mzizi wiki hii. Kofia itasubiri.

Ipigie simu kliniki ileile kwanza, kwa sababu daktari aliyeanza ana eksirei yako na vipimo vya kila kijinjia. Uliza kama wanaweza kukata 120,000 kwenye kadi na wewe ukalipa tofauti taslimu. Kliniki nyingi hukubali ukiuliza, na zisipokubali sababu huwa ni masharti ya mkataba wao na bima, hapo mwombe afisa utumishi wa kazini kwako aipigie bima simu siku hiyohiyo. Uliza pia kama unaweza kulipa kwa mafungu mawili. Dada wa mapokezi alikupa bei, hakukupa njia, na si kila mtu wa mapokezi anajua kuwa njia zipo. Waambie mapema kuwa kifuniko kimemeguka na ulivimba, kwa sababu daktari huenda akalazimika kuosha upya na kuweka dawa tena kabla ya kujaza. Kama hilo litaongeza gharama, ulijue kabla ya kulala kwenye kiti.

Ukifika, omba kitu kingine. Omba mchanganuo wa zile 210,000. Eksirei shilingi ngapi, kumwona daktari shilingi ngapi, mzizi shilingi ngapi. Umesema ulisaini fomu. Naomba ukumbuke, je, ilikuwa na bei ulipoisaini, au ilikuwa tupu? Nimeona wagonjwa wengi wakisaini fomu tupu kwa sababu kalamu imeshawekwa mkononi na ganzi bado imeshika mdomo. Fomu ile ni sawa na hundi. Unathibitisha kwamba umepata huduma hizo kwa bei hizo, na salio linalokatwa ni la watoto wako pia. Sisemi kliniki hiyo imekosea, huenda kila shilingi ni halali. Lakini ikiwa kwenye mchanganuo wameandika matibabu ya mzizi yote badala ya hatua ya kwanza, basi sehemu ya kumalizia ilishalipwa, na una haki ya kuliuliza hilo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kama kliniki ikishindikana, nenda kabatini. Uliiandika ile kadi ya NHIF mwishoni mwa barua, kama kitu kisicho na maana, nami ndiyo iliyonikamata zaidi. Mfuko ule ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, na watumishi wa umma ndio waliokuwa wa kwanza kuingia. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wa mume wako inakatwa, na mwajiri anaweka asilimia 3 nyingine. Anayehudumiwa ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Yaani miaka yote hii mmekuwa mkilipa bima mbili na kutumia moja. Na huduma za kinywa na meno zimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa.

Foleni ipo, sitakudanganya. Lakini fika hospitali ya mkoa saa moja asubuhi na si saa nne, na uende moja kwa moja dirisha la bima kuhakiki kama kadi yako ipo hai kabla ya kukaa kwenye benchi la meno. Kama imelala, mume wako aanzie kwa mwajiri wake na ofisi ya NHIF, akiwa na cheti cha ndoa kwa ajili yako na vyeti vya kuzaliwa kwa ajili ya watoto. Chukua nakala ya eksirei yako kule kliniki binafsi na karatasi fupi ya daktari inayoeleza alichofanya, vijinjia vingapi alivipata na dawa gani aliiweka. Hizo ni taarifa za mwili wako, usione haya kuziomba. Bila hizo daktari wa pili ataanza kupapasa gizani. Hospitali ya mkoa ikiona gego hilo linamhitaji bingwa, omba rufaa ya maandishi uende Muhimbili. Usijipeleke mwenyewe, maana kwenye bima ile karatasi ya rufaa ndiyo inayofungua mlango. Pale Upanga pia kuna kliniki ya shule ya meno ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Kikao kinaweza kula asubuhi nzima, kwa kuwa kila hatua mwalimu anakuja kuikagua. Kwa gego lenye vijinjia vitatu, mimi ukaguzi huo naupenda.

Kuhusu haki ya bima. Bima nyingi za kazini zimejengwa hivyo. Kiasi kikubwa mnachotangaziwa ni cha kulazwa. Meno, macho na uzazi vina mafungu yake madogo ndani yake, na hayo hayatangazwi kwa kipaza sauti. Mwombe afisa utumishi jedwali la mafao, si kile kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka. Soma ukurasa wa meno kwa kalamu mkononi. Tafuta kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia. Tafuta ni matibabu gani yanahitaji kibali kabla ya kuanza. Tafuta orodha ya yasiyolipwa. Ukikuta imeandikwa wazi kwamba kofia hazilipwi kwa sababu yoyote ile, basi ndivyo mlivyosaini, na kupigana nao ni kujichosha.

Ila kama imeandikwa kwamba hawalipi urembo, bila kutaja kofia, hapo nitasimama na wewe. Gego lililotibiwa mzizi limetobolewa katikati, kuta zake zimebaki nyembamba, na ndilo linalobeba uzito wa kutafuna. Kofia inalikinga lisipasuke mpaka mzizini. Huko nyuma mdomoni hakuna hata anayeliona, huo urembo wa kumwonyesha nani? Mwombe daktari aandike barua ya sababu za kitabibu, aambatanishe eksirei, na afisa utumishi aipeleke. Wakikataa, taka jibu la maandishi lenye kutaja kifungu cha mkataba, kwa sababu jibu la simu halina pa kwenda. La maandishi unaweza kulipeleka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe. Anza na kampuni yenyewe, ndipo upande juu.

Wakati hayo yanaendelea, mwambie daktari kwamba kofia huwezi sasa, akuzibe kwa kizibo cha kudumu na imara, ikiwezekana kinachofunika pembe za juu za jino. Kikifanywa vizuri utakaa nacho miezi kadhaa ukiweka akiba. Upande ule usitafunie muwa, mifupa, bisi wala mahindi ya kuchoma. Nimepokea magego yaliyotibiwa kwa gharama kubwa, yamepasuka kwa hindi moja la barabarani, na likipasuka mpaka mzizini hamna fundi.

Mikopo ya kausha damu usiiguse. Elfu sabini ni ya kuomba kikobani, au kwa ndugu, au kwa mwajiri kama malipo ya awali ya mshahara. Nimeona mama aliyekopa kwa watu wale kwa ajili ya meno ya mtoto, wakaja kubeba jokofu lake ambalo ndilo alilouzia barafu.

Kadi ya dada yako pia iache palepale kwenye mkoba wake. Ni udanganyifu wa bima, na mkikamatwa mnaumia wote wawili. Lakini hata msipokamatwa, faili litakuwa na jina lake na mdomo wako. Eksirei zako zitakuwa zake, na mzio wa dawa ukiwa wako utaandikwa kwake. Siku akifika amezimia, watasoma habari zako wamtibu yeye.

Kung'oa si dhambi. Kuna meno ambayo ningeyang'oa bila kusitasita, kama mzizi umepasuka, au kama kilichobaki ni kidogo mno kushika kizibo. Daktari akifungua akakuambia hivyo, msikilize. Lakini gego hili likitoka, la nyuma yake litaanza kulala mbele, na la juu linalokutana nalo litateremka kutafuta mwenzake. Kuweka daraja la jino bandia baadaye ni ghali kuliko kofia, na meno mawili mazima ya jirani yatakwanguliwa ili kulishika. Elfu thelathini ni bei ya siku ile tu.

Kwa maumivu mpaka utakapofika kwa daktari, paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Diklofenaki iwe baada ya kula na uiache kabisa kama una vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo, au kama kuna uwezekano wa ujauzito. Usiichanganye na ibuprofen, ni ndugu moja. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba ndogo juu ya jino linasaidia kutuliza, na sisi wenyewe kliniki tunatumia dawa iliyotoka humo. Aspirini usiibandike kwenye fizi, inaunguza.

Mwambie mume wako haya nimeyasema kwa heshima: jino halina habari na tarehe ya bima. Januari ikifika fungu litarudi 600,000, lakini kama kuta za gego zitakuwa zimeoza kwa mate ya miezi mitatu, fungu hilo litatumika kung'olea. Na Januari hiyo gawanyeni kazi kati ya kadi mbili. Kung'oa, kuziba kwa watoto na kusafisha ukoga viende NHIF, ya kazini kwako ibaki kwa kazi nzito. Kama mngefanya hivyo mwaka huu, wewe ungefika mwezi wa saba na laki sita zako kamili.

Nina neno la mwisho kuhusu mtoto wa miaka saba. Umesema alizibwa meno mawili. Je, ulionyeshwa ni yapi? Karibu na miaka sita mtoto huota gego kubwa nyuma kabisa, juu na chini kila upande, na hakuna jino la utoto linalodondoka kumpisha, kwa hiyo wazazi hudhani nalo ni la utoto. Si la utoto, hilo hana jingine litakalokuja. Mpige mswaki wewe mwenyewe usiku, mswaki ukiingia ukiwa umelala upande kutoka shavuni, maana mikono yake bado haifiki huko, na dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya njegere. Siku unayokwenda kuhakiki kadi, nenda naye, umwambie daktari ayaangalie hayo manne. Gego lako linalokukesha usiku huu ni lilelile lililoota ulipokuwa na umri wake.

Ukishajaziwa mzizi, niandikie.

Shangazi